Nina F ya hesabu fom foo, naweza kusoma digrii ya masoko?

Shikamoo dada,

Mi ni kijana wa miaka 21 niko Ifakara, naomba unisaidie maana hapa nyumbani kila mtu anasema lake na siku zinaenda, dirisha la kwanza la maombi ya vyuo limeshafunguliwa. Nimemaliza fom siksi mwaka huu kombi ya HKL, matokeo yametoka nimepata division two ya pointi 10, yaani History C, Kiswahili C na English D. Mama alifurahi mpaka akachinja kuku. Shida yangu iko nyuma, fom foo, kule nilipata F ya hesabu. Masomo mengine nilifaulu, Kiingereza C, Commerce C, ila hesabu ndo ikanigomea, tulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu kwa shule nzima na akahamishwa tukiwa fom three, hakuja mwingine.

Dada, ninachokitaka ni digrii ya masoko. Mama anauza mchele sokoni na mi nimekua namsaidia tangu nikiwa la nne. Nilivyokuwa nasubiri matokeo nikaanza kuupiga picha mchele wetu naweka status, naandika ni wa msimu gani, unapikikaje, unanukia au haunukii, basi nikaanza kupata watu wa Morogoro mjini na wa Dar wanaagiza kilo 50, kilo 100, mzigo unapanda basi asubuhi na hela inaingia kwenye simu. Mama hakuamini. Toka hapo sitaki kusikia kitu kingine, nataka nijue hii kazi inafanywaje kitaalamu.

Baba mdogo ndo ananisomesha, anasema kuuza hakusomewi, niende ualimu maana HKL ni ya ualimu na sheria. Niliyesoma naye anasema ukiwa na F ya hesabu chochote chenye neno biashara sahau. Halafu kuna rafiki yake kaka anasema ana mtu wake chuo fulani, nikitoa laki mbili jina langu litapita hata kama vigezo havijatimia, na anataka jibu wiki hii.

Maswali yangu ni haya dada. Naweza kuingia moja kwa moja na hiyo F? Au nirudie hesabu? Au nianzie diploma? Na hivi kwani masoko yana hesabu nyingi kiasi hicho mpaka wanibane? Naomba unijibu haraka.

Kijana wa Ifakara

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa matokeo, na mama mpe hongera zake pia maana kulea mtoto kwa mchele wa kupima kwa kilo sio kazi ndogo.

Naanza na la laki mbili kwa sababu ndo lenye haraka. Usitoe. Wala usimpe huyo mtu namba yako ya mtihani wala namba ya NIDA. Siku hizi mwombaji anaomba mwenyewe moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wa chuo husika, halafu majina yote ya waliochaguliwa chuo kinayapeleka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na TCU wanayapitisha kwenye vigezo jina moja moja wakiangalia matokeo yako yaliyoko NECTA, Baraza la Mitihani. Sasa hata kama huyo mtu anamjua mlinzi, karani au mkuu wa idara, F yako iko NECTA na haifutiki kwa laki mbili. Nimeshaona familia zimeuza mbuzi kwa ahadi za namna hii na mtoto kabaki nyumbani, inauma sana. Hiyo hela itunze, nitakuambia itakwenda wapi.

Sasa tuje kwenye vigezo. Sharti la jumla la TCU kwa anayetoka fom siksi ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4.0 kwenda juu kutoka masomo mawili yanayohusika na programu unayoomba. Kwa waliomaliza miaka ya kuanzia 2016 A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Wewe C mbili zako ni pointi 6, hata ukichukua C na D ni 5. Kwa hiyo kwenye pointi hudaiwi, na huyo aliyekuambia usahau kabisa alikuwa anabahatisha.

Ila hilo neno "yanayohusika" ndo lenye kazi, na wengi wanalipita. Kila programu ina mstari wake kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, na mstari huo unataja masomo wanayoyakubali. Kuna programu za biashara zinazokubali History, Kiswahili na English kama masomo ya kuingilia, na kuna zinazotaka Economics, Commerce, Accountancy, Geography au hesabu, hizo wa HKL hata angekuwa na A tatu hapiti. Halafu baada ya masomo unakuta sentensi nyingine fupi, mara nyingi iko mwisho, inasema kama mwombaji hana prinsipo ya hesabu basi awe na angalau S (ule ufaulu mdogo ulio chini ya E) ya BAM, somo la hesabu za ziada la fom siksi, au ufaulu wa hesabu fom foo. Wengine wanataka D, wengine wanapandisha mpaka C. HKL hamsomi BAM kwa hiyo wewe unabaki na mlango wa fom foo, na huo ndo una F. Sharti hili linatofautiana chuo na chuo, na hata ndani ya chuo kimoja programu na programu, nyingine hazitaji hesabu kabisa, kwa hiyo usiamini mtu anayekuambia "biashara zote zinataka" wala anayekuambia "hawaangaliagi".

Kitabu kiko kwenye tovuti ya TCU, ni bure, ila angalia vizuri maana vipo viwili, kimoja cha waliotoka fom siksi na kingine cha wenye diploma na vinavyolingana nayo. Wewe chukua cha fom siksi kwanza. Na unapotafuta usitafute jina moja tu. Mlimani kozi hii iko ndani ya Bachelor of Commerce, Mzumbe iko kwenye BBA (Bachelor of Business Administration) upande wa masoko, CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, wana digrii ya masoko yenyewe, TIA, Taasisi ya Uhasibu, wameunganisha masoko na uhusiano wa umma, Chuo Kikuu Huria nao wana BBA ya masoko. Majina tofauti, vigezo tofauti, kazi utakayoifanya baadaye inakaribiana. Kaa na daftari, andika chuo, masomo wanayokubali, na kama hesabu imetajwa au haijatajwa. Ni kazi ya jioni mbili.

Ukipata hata programu moja ambayo C zako zinaingia na hesabu haijatajwa, omba dirisha hili hili usisubiri la pili. Jua tu kwamba kutimiza vigezo hakumaanishi umechaguliwa, nafasi zina idadi yake na wanaanza na wenye pointi kubwa, kwa hiyo omba zaidi ya chuo kimoja, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja utatumiwa namba maalum ya siri kwa simu uthibitishe unakoenda, usizembee siku hizo.

Sasa tuseme umepekua kitabu chote na hesabu imekubana kila mahali. Hapa nataka tuhesabu miaka, maana watu wanakimbilia kusema rudia bila kuangalia kalenda. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea NECTA unafanyika mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari, kwa hiyo wa mwaka huu umepita zamani. Utajisajili Januari mwakani, mtihani utafanya Novemba, matokeo yatatoka Januari inayofuata, na maombi ya vyuo mpaka Julai. Yaani ukifaulu vizuri kabisa unaingia chuo miaka miwili kutoka sasa, na muda wote huo uko nyumbani na somo moja.

Njia ya diploma nayo hebu iangalie. Kwa fom siksi yako huna haja ya kuanza cheti, ukiwa na prinsipo moja na S moja unaweza kuingia diploma moja kwa moja, inaitwa ngazi ya 5 na ya 6, miaka miwili. Ukianza mwaka huu Oktoba unamaliza muda ule ule ambao ungekuwa unasubiri kurudia hesabu. Miaka ni ile ile, tofauti ni kwamba huku unatoka na cheti cha diploma ya masoko mkononi, umeshasoma uhasibu wa mwanzo, takwimu, sheria ya biashara, na kwenye digrii unaingia ukiwa unajua nini kinaongelewa. Sharti la kuingilia digrii kwa diploma ni GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, isiyopungua 3.0 pamoja na pasi nne za fom foo, na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, wanakupa namba ya uhakiki wa diploma yako inayoitwa AVN, bila hiyo mfumo wa maombi haukupokei. GPA 3.0 kwa mtu anayejituma inapatikana, ila inatakiwa uitafute kuanzia semista ya kwanza, watu wanacheza mwaka wa kwanza halafu wanakuja kukimbizana na 2.8.

Ushauri wangu mi ni huu: kitabu kikikubana nenda diploma ya masoko mwaka huu, na hesabu irudie humo humo ukiwa diploma, jisajili Januari kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja tu. Ndo hapo sehemu ya ile laki mbili inapokwenda, ada ya mtihani na tuisheni. Utakuwa na njia mbili za kuingilia badala ya moja, na zile digrii zinazomtaka hata mwenye diploma awe na hesabu nazo zitakufungukia. Mifumo ya maombi ina sehemu ya kuweka namba ya mtihani zaidi ya moja kwa waliorudia, sio aibu na sio kitu cha kuficha.

Utauliza kwanini nakazania hesabu hata kama diploma inakuvusha. Ni kwa sababu ya swali lako la mwisho, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko kote.

Masoko yana hesabu. Si za kutisha kama za uhandisi ila zipo kila mwaka, na mtu anayeingia akidhani amezikimbia anakutana nazo semista ya kwanza. Mi nilisoma digrii hii, nilitoka fom siksi ya HGL (History, Geography, English) na D ya hesabu niliyoipata kwa kubahatisha, nikadhani masoko ni matangazo na kuongea vizuri. Mwaka wa kwanza tukachanganywa na wa uhasibu na wa fedha darasa moja, hesabu za biashara, takwimu, uhasibu, uchumi. Takwimu nikala sapu, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani. Likizo wenzangu wamerudi makwao mi nimebaki na daftari, nilikuwa nalia usiku, nilijua nikianguka tena nabeba kozi mpaka mwaka unaofuata. Aliyeniokoa ni binti wa mwaka wa tatu aliyenikalisha chini akanifundisha asilimia upya, kama mtoto wa darasa la sita. Ndo nikagundua kilichokuwa kinanishinda sio takwimu, ni asilimia na sehemu ambazo sikuzielewa shule ya msingi nikazivuka tu.

Kwa hiyo hebu tufanye ya kwako, ya mchele. Tuseme kilo moja mnanunua kwa shilingi 2,000 mnauza 2,500. Faida 500. Ukiilinganisha na bei ya kununulia ni asilimia 25, ukiilinganisha na bei ya kuuzia ni asilimia 20. Hela ni ile ile, ila asilimia ni mbili zisizofanana. Sasa mteja wa Dar anakuambia nipunguzie asilimia 20 nachukua gunia tano, na wewe kichwani unajua "tuna faida ya asilimia 25" unaona bado inabaki tano, unakubali. Asilimia 20 ya 2,500 ni 500. Umempa mchele kwa bei mliyonunulia, na nauli ya basi imetoka kwenu. Biashara nyingi zinakufa hapo, za wasomi na za wasiosoma.

Nyingine. Tuseme meza, ushuru, mlinzi na nauli zenu ni 60,000 kwa mwezi. Kwa faida ya 500 kila kilo mnahitaji kuuza kilo 120 ndo mrudishe hiyo gharama. Mkipunguza bei shilingi 100 ili kuvuta watu, faida inakuwa 400 na kilo zinakuwa 150. Yaani hiyo ofa yenu lazima ilete kilo 30 za ziada ndo mrudi pale pale mlipokuwa, hamjapata hata senti. Huwezi kuamua kama ofa ni nzuri bila kuipiga hiyo hesabu, na ndo kazi utakayopewa ofisini siku ya kwanza.

Na utafiti wa masoko nao, umewauliza wateja 100 kama wangependa mchele wa mfuko wa kilo tano au wa kupima, wanawake wamejibu hivi wanaume vile, je tofauti hiyo ni ya kweli au imetokea tu kwa bahati? Kuna jaribio la takwimu linaitwa kai-skwea linajibu hilo, utalifanya kwa mkono kwanza kisha kwa kompyuta. Ukiweza hizo za mchele hapo juu, na hilo utaliweza. Nina uhakika maana nimeona ulivyokuwa unauza, mtu anayepanga mzigo, nauli na malipo ya simu bila kupata hasara anahesabu kila siku, aliyekosekana ni mwalimu.

Sasa digrii yenyewe inadai nini ukishaingia, niseme kwa kifupi. Kwa mfumo wa TCU digrii haipungui krediti 360, ndo zile 120 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na krediti moja inahesabiwa kama saa 10 za kazi yako yote, darasani na kujisomea. Vyuo vingi vinatoa alama 40 za majaribio na kazi za darasani na 60 za mtihani wa mwisho. GPA ya kuhitimu isishuke 2.0, chini ya hapo unadisko, yaani unaondolewa chuoni. Kuanzia 3.5 ni apa sekondi, 4.4 kwenda juu ni fasti klasi. Mwaka wa kwanza ni mchanganyiko wa biashara zote, mambo ya masoko yenyewe yanakolea mwaka wa pili na wa tatu, tabia za walaji, utafiti, usimamizi wa mauzo, masoko ya huduma, masoko ya kidijitali, masoko ya kimataifa, na mwishoni mara nyingi kuna utafiti wa kuandika mwenyewe. Lugha ni Kiingereza mwanzo mwisho, D yako inatosha kuingia ila anza kusoma kila siku.

Na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Hii naiongelea kidogo zaidi maana wengi wanaipoteza. Mi nilipelekwa kampuni moja inayosambaza vinywaji, wiki tatu nzima nikawa natoa kopi na kupokea wageni. Ya nne nikamwomba msimamizi nipande gari la mauzo, akakubali. Tukawa tunazunguka maduka ya Mbagala na Tandika kuanzia saa moja asubuhi, nikaona mwenye duka anavyokataa mzigo, kwanini friji ya kampuni imewekwa bidhaa za mshindani, kwanini duka hili linauza kreti kumi na la jirani mbili. Ripoti yangu ikawa ya hayo na kazi yangu ya kwanza niliipata kwa kuielezea safari ile. Ukifika muda wako ulizia gari la mauzo mapema.

Kuhusu baba mdogo, usibishane naye kuwa kuuza kunasomewa. Anayekulipia ada ana haki ya kuogopa. Mkalishe chini umwoneshe mahesabu ya miezi uliyouza kwa simu, wateja wangapi, kilo ngapi, faida ngapi. Halafu muulize kwanini mchele wa Kyela unauzwa kwa jina lake nchi nzima, mpaka wafanyabiashara wanauita mchele wa kwingine Kyela ili utoke haraka, na wa Ifakara kwenye meza nyingi za Dar haujulikani umetoka wapi wakati ni mzuri vile. Mwambie unataka kwenda kusomea jibu la hilo swali. Ualimu ni kazi ya heshima, ila usiende kwa kuwa kombi imekusukuma, wanafunzi watakaokupata watajua.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, uombe ukiwa na maombi ya digrii, ila wapangie nyumbani kama vile hautatoka, maana afya, ualimu wa sayansi na uhandisi ndo huwa vinapewa kipaumbele na biashara inakuja nyuma yao. Na hata kama ni miaka miwili ijayo, cheti chako cha kuzaliwa kiangalie leo. Jina lililoko pale na la cheti cha fom foo yafanane herufi kwa herufi, na kihakikiwe RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa. Nimepata barua nyingi za watu waliokwama kwa sababu fom foo aliandikwa Juma na cheti cha kuzaliwa Jumaa, kurekebisha ni kwa hati ya kiapo na inachukua muda ambao dirisha la mkopo haliusubiri.

Kwa wengine mnaosoma hapa ambao pointi zenu hazifiki 4.0, njia yenu inaweza kuwa kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, inaanzia kwa aliyepata angalau pointi 1.5 kwenye masomo mawili ya fom siksi na inataka umalize na GPA 3.0. Nyie nitawajibu siku yenu.

Wewe wa Ifakara anza na kitabu usiku wa leo. Mstari wowote usiouelewa unakili kama ulivyo, na jina la chuo, unitumie nikusomee.